Kutazama na Kujua: Historia ya Kupima Mkojo

Yako maradhi ambayo mtu huyasema waziwazi mbele za watu. Mwenye kuumwa na jino hushika shavu lake, na mwenye homa hujifunika blanketi mchana wa jua kali, na kila apitaye humpa pole. Lakini yako maradhi mengine ambayo mtu huona haya kuyataja hata kwa mama yake mzazi. Miongoni mwa hayo ni maradhi ya njia ya mkojo. Mgonjwa huunguzwa na maumivu kila aendapo haja ndogo, huamka usiku mara nyingi, huona mkojo wake umechafuka au una harufu mbaya, na bado hunyamaza. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo katika insha hii tutalitaja jambo hili kwa jina lake, maana elimu ya mwili wa mwanadamu haiwezi kuchagua viungo vya kutazama na viungo vya kuonea aibu.

Swali tutakalolifuata ni moja tu. Tabibu amekabidhiwa chupa ya mkojo. Atajuaje kama mwenye mkojo huo ana maradhi au hana? Swali hili laonekana kuwa dogo, walakini wanadamu wamelitafutia jibu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na mara nyingi walidhani wamekwisha kulipata kumbe bado. Historia ya jibu hilo yafundisha tofauti iliyopo baina ya kutazama na kujua.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi mwili ulivyo. Mtu ana figo mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa taka pamoja na maji yaliyozidi. Maji hayo, ambayo ndiyo mkojo, huteremka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu, na humo hukaa mpaka mtu aende haja. Vijidudu vikiingia kutoka nje na kupanda mpaka kibofuni vyaweza kustawi na kuzaana. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa njia yao ya kutokea mkojo ni fupi. Vijidudu vikikaa kibofuni huleta maumivu. Vikipanda mpaka kwenye figo huleta homa, kutetemeka na maumivu ya ubavu, na vyaweza kuharibu figo zenyewe au kuingia katika damu na kuua. Mwanamke mja mzito yumo katika hatari kubwa zaidi, yeye na mtoto aliye tumboni. Basi kosa la tabibu hapa ni kosa zito. Akisema pana maradhi mahali pasipokuwa na maradhi, mgonjwa hunywa dawa bure. Akisema hapana maradhi nayo yapo, figo huharibika kimya kimya.

Matabibu wa Ugiriki ya kale walianza kwa macho. Hippocrates, aliyezaliwa karibu na mwaka 460 kabla ya Kristo, na wanafunzi waliomfuata, waliandika juu ya rangi ya mkojo, uzito wake, na mashapo yaliyotuama chini yake. Walifundisha kwamba mapovu yanayokaa juu ya mkojo ni dalili ya ugonjwa wa figo. Neno hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa mkojo wenye protini nyingi hutoa povu, na protini nyingi katika mkojo huweza kuonyesha kwamba figo zimeharibika. Lakini sababu waliyoijua wao ilikuwa nyingine. Waliamini kwamba mwili umejaa maji ya namna nne, yaani damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba maradhi yote hutokana na kupotea kwa mizani ya maji hayo. Mkojo kwao ulikuwa kioo cha mizani hiyo. Galen, aliyeishi katika karne ya pili baada ya Kristo, aliyatia nguvu mafundisho hayo, na jina lake likawa sheria kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Elimu hiyo ilipokelewa na kukuzwa na matabibu walioandika kwa Kiarabu. Mmoja wao alikuwa Ishaq ibn Sulayman al-Israili, Myahudi aliyezaliwa Misri na kufanya kazi Kairouan, katika nchi iitwayo Tunisia leo. Aliandika kitabu kizima juu ya mkojo, nacho katika karne ya 11 kilifasiriwa kwa Kilatini na Constantine Mwafrika, mtaalamu aliyekuwa mtawa wa Monte Cassino huko Italia. Kwa muda wa karne nyingi wanafunzi wa utabibu wa Ulaya walijifunza kupima mkojo kwa kitabu kilichotungwa katika ardhi ya Afrika.

Mwingine alikuwa Ibn Sina, aliyeishi tangu mwaka 980 mpaka 1037. Katika kitabu chake kikuu cha Kanuni ya Tiba hakutosheka kueleza maana ya rangi. Aliweka masharti ya kuchukua mkojo wenyewe. Alitaka uwe mkojo wa asubuhi, kabla mgonjwa hajala wala hajanywa kitu, na mgonjwa asiwe amekula chakula chenye kutia rangi kama vile zafarani. Masharti haya ni ya thamani kubwa kuliko orodha nyingi za rangi. Ibn Sina aliona kwamba chupa yaweza kusema uongo. Rangi iliyomo ndani yake huenda ikatoka jikoni wala isitoke katika maradhi. Tabibu asiyeuliza mkojo umechukuliwaje hana haki ya kusema mkojo una maana gani. Wazo hili tutakutana nalo tena baada ya miaka mia tisa.

Huko Ulaya elimu hii ilipata heshima kubwa, kisha ikaharibika kwa sababu ya heshima hiyo. Chupa ya kioo yenye umbo la kibofu, iliyoitwa matula, ilikuwa alama ya tabibu. Wachoraji walipotaka kumwonyesha tabibu walimchora akiinua chupa hiyo mbele ya mwanga. Mwaka 1506 Ulrich Pinder wa mji wa Nuremberg, Ujerumani, alitoa kitabu chenye picha ya gurudumu la mkojo. Kuzunguka gurudumu hilo zilichorwa chupa ndogo za rangi mbalimbali, tangu nyeupe kama maji mpaka nyeusi, na kila rangi iliandikiwa maana yake. Tabibu alilinganisha chupa aliyoishika na chupa zilizochorwa, akatoa hukumu.

Baadaye ikawa desturi mgonjwa abaki nyumbani kwake na mtumishi apeleke chupa. Tabibu hakumwona mgonjwa, hakumgusa, hakumwuliza neno. Alitazama chupa akataja ugonjwa, na wengine wakataja hata siku ya kufa. Mwaka 1637 tabibu Mwingereza, Thomas Brian, alitoa kitabu cha kuwafichua watu hao, akiwaita manabii wa mkojo. Alieleza hila zao. Nabii alimhoji mtumishi kwa ujanja, akapata habari za mgonjwa kutoka kinywani mwake, kisha akajifanya amezisoma katika chupa. Watu walishangaa na kulipa.

Ni rahisi kuwacheka watu wa zamani, lakini tujiulize walikosea wapi. Hawakukosea kwa kutazama. Hata leo muuguzi hutazama mkojo kabla ya kuupima. Kosa lao lilikuwa kwamba hukumu yao haikujaribiwa kamwe. Hapana aliyeandika kwamba chupa mia zilisema hivi, na katika wagonjwa hao mia, kadhaa walionekana kweli kuwa hivyo. Mgonjwa akipona, tabibu alisifiwa; akifa, ilisemwa kwamba siku zake zilikwisha. Hukumu isiyoweza kushindwa haiwezi kumfundisha mtu kitu.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, watoto wengi wamepata kuona mkojo wao umekuwa mwekundu kwa damu. Huo ni ugonjwa wa kichocho. Mtu aliyeshika gurudumu la Pinder angeiona rangi nyekundu na kutafuta maana yake katika mizani ya damu na nyongo. Sababu yenyewe iligunduliwa mwaka 1851 mjini Cairo na daktari Mjerumani Theodor Bilharz, alipoona minyoo katika mishipa ya damu ya maiti. Minyoo hiyo hutaga mayai, nayo mayai hupenya ukuta wa kibofu na kuujeruhi. Mwenye kutafuta kichocho hutafuta mayai kwa hadubini, na yai la kichocho cha mkojo hujulikana kwa mwiba mdogo ulio mwishoni mwake. Tena mkojo wake haufai kuchukuliwa alfajiri. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo huo ndio wakati wa kuuchukua. Rangi ni moja, lakini sababu za mkojo mwekundu ni nyingi: kichocho, vijidudu, mawe ya figo, uvimbe, na hata chakula chenye rangi. Jicho peke yake haliwezi kuzitenga.

Msaada wa kwanza ulitoka kwa wanakemia. Mwishoni mwa karne ya 17 Frederik Dekkers, tabibu wa Leiden nchini Uholanzi, alionyesha kwamba mkojo wa baadhi ya wagonjwa ukichemshwa pamoja na asidi kama ya siki huganda na kuwa mweupe. Leo twajua kwamba kilichoganda ni protini. Mwaka 1776 Mwingereza Matthew Dobson alikausha mkojo wa mwenye kisukari akapata sukari. Mwaka 1850 Mfaransa Jules Maumené alichovya vipande vya kitambaa cha sufi katika dawa yenye chumvi ya bati. Tone la mkojo wenye sukari likitiwa juu yake na kupashwa moto, kitambaa kiligeuka cheusi. Katika majaribio haya tabibu hakuulizwa maoni yake. Kitu kiliganda au hakikuganda, kitambaa kilibadilika au hakikubadilika, na mtu mwingine katika mji mwingine aliweza kufanya jaribio lile lile akaona jambo lile lile.

Hata hivyo kemia hiyo haikuwa imefikia vijidudu. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, aliviona vijidudu katika maji na katika utando wa meno kwa lenzi zake mwenyewe katika miaka ya 1670 na 1680, lakini kwa karne mbili karibu hapana aliyejua vina uhusiano gani na maradhi. Katika miaka ya 1860 Louis Pasteur wa Ufaransa alichemsha viowevu mbalimbali, mkojo ukiwa mmoja wavyo, katika chupa zenye shingo ndefu iliyopindwa. Vumbi lilinaswa katika shingo, na kiowevu hakikuoza. Shingo ikivunjwa, vumbi liliingia na kiowevu kikachafuka kwa vijidudu. Kumbe mkojo hauozi kwa nafsi yake. Huozeshwa na kitu kilichoingia. Mwaka 1881 William Roberts, daktari wa Manchester, aliandika juu ya vijidudu alivyoviona katika mkojo uliotoka wakati ule ule mwilini mwa wagonjwa. Basi vijidudu viliweza kuingia mkojo ukiwa bado tumboni.

Miaka iliyofuata ilileta vyombo ambavyo kila maabara huvitumia hata leo. Robert Koch wa Ujerumani alionyesha namna ya kuotesha vijidudu juu ya lishe iliyoganda, ili kila aina iote mahali pake pasipo kuchanganyika na nyingine. Lishe yake ya kwanza iliyeyuka kwa joto, na aliyeleta dawa ya tatizo hilo alikuwa Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja aliyefanya kazi na Koch. Yeye alijua jikoni kwake kwamba agari, kitu kinachotokana na mwani wa baharini, hugandisha vyakula na haiyeyuki upesi. Mwaka 1884 Hans Christian Gram alivumbua njia ya kuvitia vijidudu rangi ili vitengwe makundi mawili. Mwaka 1885 Theodor Escherich, daktari wa watoto, alieleza habari za kijidudu kinachokaa katika matumbo ya watoto wachanga; leo chaitwa Escherichia coli kwa kumkumbuka. Mwaka 1887 Richard Julius Petri alitengeneza sahani ya kioo yenye kifuniko. Na mwaka 1894 Escherich alionyesha kwamba kijidudu kile kile cha matumbo ndicho kilichowaumiza vibofu baadhi ya watoto wa kike. Hata sasa ndicho kinachosababisha sehemu kubwa ya maradhi ya njia ya mkojo duniani.

Mtu angedhani kwamba hapo safari imefika mwisho. Chukua mkojo, upake katika sahani, ungoje siku moja. Kikiota kitu, pana maradhi. Lakini matabibu walikuta jambo la kutatiza. Mkojo wa watu wazima wasio na ugonjwa wowote nao uliotesha vijidudu. Ngozi ya mwanadamu ina vijidudu vyake, na mkojo ukipita juu ya ngozi huvichukua. Sahani haikuweza kusema kijidudu hiki kimetoka kibofuni au kimetoka mlangoni.

Njia moja ya kuikwepa ngozi ilikuwa kuingiza mpira mwembamba mpaka kibofuni na kuutoa mkojo huko huko. Wengi waliifuata. Lakini mpira huo huweza kusukuma vijidudu vya nje mpaka ndani, na mtu aliyeingia hospitali bila maradhi ya kibofu akatoka nayo. Mwaka 1958 daktari Mmarekani Paul Beeson aliandika makala mashuhuri ya kuwaonya wenzake dhidi ya kutumia mpira huo ovyo. Njia ya kutafuta maradhi ilikuwa yenyewe njia ya kuyaleta.

Jibu lilipatikana kwa kuhesabu. Mwaka 1956 Edward Kass, daktari wa Boston, Marekani, alitoa habari za uchunguzi wake. Hakuuliza tu kama vijidudu vimo. Aliuliza ni vingapi. Alipima wagonjwa wenye ugonjwa dhahiri wa figo, na alipima wanawake wasio na dalili yoyote. Karibu wagonjwa wote wa figo walikuwa na vijidudu 100,000 au zaidi katika kila mililita moja ya mkojo. Wanawake wasio na dalili wengi wao walikuwa na vichache sana, lakini kiasi cha sita katika kila mia walikuwa na 100,000 au zaidi, nao hawakujua. Kati ya makundi hayo mawili palikuwa na pengo, kama mto utenganishao vijiji viwili. Vijidudu vya ngozi huja kwa mamia au maelfu. Vijidudu vilivyofanya makao kibofuni hufikia malaki.

Hesabu hiyo ilitaka uangalifu, na hapa twarudi kwa Ibn Sina. Kijidudu cha E. coli kikipata lishe na joto jema huweza kugawanyika kuwa viwili kila baada ya dakika 20 hivi. Tuseme mkojo uliochukuliwa una vijidudu 1,000 vya ngozi katika mililita, navyo vizaane kwa kasi hiyo. Ukiachwa mezani penye joto kwa saa moja, vitakuwa 8,000. Baada ya saa mbili, 64,000. Baada ya saa tatu, 512,000. Katika mkojo aghalabu huzaana polepole zaidi ya hivyo, lakini hatari ni ile ile: mtu mzima aweza kuitwa mgonjwa kwa sababu chupa yake ilisahauliwa juu ya meza. Ndiyo maana mgonjwa huagizwa ajisafishe, aache mkojo wa kwanza upite, akinge ule wa katikati katika chombo safi, na chombo kifike maabara upesi au kiwekwe mahali pa baridi.

Faida ya hesabu ya Kass ilionekana upesi kwa wanawake waja wazito. Yeye na wengine waliomfuata waliona kwamba mja mzito mwenye vijidudu vingi, hata akiwa hasikii maumivu, yumo katika hatari ya kupata ugonjwa wa figo kabla hajajifungua, na kwamba dawa itolewayo mapema huipunguza hatari hiyo. Huyu ni mgonjwa ambaye hakuna tabibu wa chupa angaliweza kumtambua. Mkojo wake huweza kuwa na rangi njema, na mwenyewe husema hajambo. Ni hesabu peke yake iliyomwona.

Walakini hata hesabu njema yaweza kugeuzwa kuwa gurudumu jipya la Pinder. Kwa miaka mingi maabara nyingi zilishika 100,000 kama mpaka usiovukwa. Mwanamke alikuja analia kwa maumivu. Sahani ikionyesha 10,000, aliambiwa hana kitu. Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake wa Seattle, Marekani, walitoa uchunguzi wa wanawake wenye maumivu ya ghafula ya mkojo. Walichukua mkojo moja kwa moja kutoka kibofuni, wakaona kwamba karibu nusu ya wale waliokuwa na vijidudu vya matumbo kibofuni hawakufika mpaka wa 100,000. Kwa mwanamke mwenye dalili, hata vijidudu 100 katika mililita vyaweza kuwa ushahidi. Kass hakuwa amekosea. Yeye alipima wagonjwa wa figo na watu wasio na dalili. Wengine waliichukua namba yake wakaipeleka kwa watu ambao hakuwapima.

Wakati huo huo kilikuwa kikienea chombo ambacho wengi wetu tumekiona katika zahanati, yaani kijiti chembamba chenye viraka vya rangi. Mwaka 1956, mwaka ule ule wa Kass, kampuni ya Ames ya Marekani ilianza kuuza kijiti cha kupima sukari, kilichotokana na kazi ya Alfred Free na mkewe Helen. Viraka vingine viliongezwa baadaye. Kimoja hutafuta naitraiti kwa kemia iliyogunduliwa na Peter Griess, Mjerumani aliyekuwa mwanakemia katika kiwanda cha bia huko Uingereza, ambaye aliieleza mwaka 1879. Vijidudu vingi vya njia ya mkojo huigeuza naitreti itokanayo na mboga kuwa naitraiti, na kiraka hugeuka rangi ya waridi. Kingine hutafuta dalili ya chembe nyeupe za damu, askari wa mwili wanaokimbilia mahali penye vita.

Kijiti hutoa jibu kwa dakika mbili, na bei yake ni ndogo. Lakini yafaa kujua mipaka yake. Si kila kijidudu kinachotengeneza naitraiti. Tena kazi hiyo huhitaji mkojo ukae kibofuni kwa saa kadhaa, na mgonjwa huyu ndiye yule aendaye haja kila mara. Basi kijiti kikionyesha naitraiti, yaelekea pana vijidudu. Kisipoonyesha, tabibu hana haki ya kusema hapana. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mkojo wa wanawake waja wazito upimwe kwa kuoteshwa, na mahali pasipo na uwezo huo utumike utiaji rangi wa Gram badala ya kijiti.

Wala mambo hayakuishia hapo. Kwa zaidi ya miaka mia moja ilifundishwa kwamba kibofu cha mtu mzima hakina kijidudu hata kimoja. Mwaka 2012, na tena mwaka 2014, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Loyola mjini Chicago walionyesha kwamba vimo vijidudu katika vibofu vya wanawake wasio na maradhi, ambavyo njia za kawaida za kuotesha haziviotesha. Tangu hapo imekuwa dhahiri zaidi kwamba kukuta kijidudu si sawa na kukuta maradhi. Hata kwa wazee wengi ambao mkojo wao una vijidudu vingi bila dalili yoyote, madaktari hushauriwa wasitoe dawa, kwa kuwa dawa haiwafai na yaweza kuwadhuru.

Neno hilo la dawa ndilo zito kuliko yote katika siku zetu. Kuotesha mkojo huchukua siku moja au mbili, na mgonjwa mwenye maumivu hapendi kungoja. Wengine huenda dukani, wakanunua vidonge kwa kukisia, wakavimeza siku mbili na kuviacha. Vijidudu vilivyosalia ni vile vilivyoweza kuvumilia dawa, navyo huzaa vinavyofanana navyo. Mwezi wa Juni mwaka 2024 zawadi ya pauni milioni 8, iitwayo Longitude Prize, ilitolewa huko Uingereza kwa chombo kilichotengenezwa na kampuni ya Sysmex Astrego ya Sweden. Chombo hicho hutazama vijidudu vya mkojo vikikua, kikasema kwa dakika 15 kama vimo, na kwa dakika 45 hivi dawa ipi itaviua. Ukubwa wa zawadi hiyo waonyesha jinsi swali letu lilivyo hai.

Vijana msomao insha hii, wengine wenu mtakuwa wauguzi, wengine mafundi wa maabara, na wote mtakuwa wagonjwa siku moja. Mkipewa chombo na kuagizwa mkinge mkojo wa katikati, msione kwamba ni usumbufu mtupu. Ndani ya agizo hilo imo kazi ya watu wa Kairouan, Bukhara, Manchester na Boston. Mkiumwa, semeni mapema kwa mzazi au kwa daktari. Mkishika kipimo chochote, ulizeni kilijaribiwa kwa nani, na kinaweza kukosea wapi. Nabii wa mkojo hakuuliza hivyo kamwe. Kass aliuliza, na baada yake Stamm akamwuliza Kass, na kwa sababu hiyo leo yuko mama aliyejifungua salama ambaye hajui hata majina yao.